Dawa ya presha ya macho inakukausha jicho? Usiipumzishe, kuna njia

Ukitaka kujua kwanini watu wanaacha dawa ya presha ya macho usiwaulize habari za presha, waulize jicho linajisikiaje. Watakwambia linachoma, linawasha, asubuhi kope zimegandana, jioni unahisi kuna mchanga humo ndani na ukijitazama kwenye kioo huoni kitu, wekundu tu. Mi nauza dawa famasi hapa Tanga, upande wa Ngamiani, na hii naisikia dirishani mara nyingi mno mpaka nimeona bora niiandike yote sehemu moja, maana pale dirishani foleni ipo nyuma na mtu hapati maelezo ya kutosha.

Mzee anakuja, namwamkia, anaitikia, "Marahaba mwanangu, nipe dawa ya macho mekundu." Namuuliza babu ile ya presha bado unaitia? "Aa, ile nimeipumzisha kwanza, inanichoma."

Hapo ndo naogopa. Kwa sababu huyu mzee ana mambo mawili kwenye jicho moja na yanamchanganya. Glakoma, yani presha ya macho, kwa walio wengi haiumi kabisa, inaua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanzia pembeni polepole, na sehemu iliyokufa hairudi, sio kwa dawa sio kwa opresheni sio kwa miwani. Ukavu wa jicho wenyewe unauma, unakera, unaharibu siku yako nzima, ila mara nyingi unatibika na kwa wengi haupofushi. Sasa binadamu anatibu kinachomuuma. Anaacha ile inayomlinda na upofu ili apate nafuu ya mwasho, na kwa wiki kadhaa anajiona kapona kabisa, jicho limetulia, halichomi, kumbe presha huko ndani inapanda na yeye hana namna ya kuihisi.

Na sio ugonjwa wa watu wachache huu. Utafiti uliofanyika Kongwa kule Dodoma na kutoka mwaka 2000 ulikuta kama watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi wana glakoma. Afu tuelewane, presha ya mwili kuwa sawa haimaanishi ya jicho iko sawa, ni vitu viwili tofauti, kidonge cha presha ya moyo hakikutoshi hapa. Presha ya jicho inapimwa na mashine yake, kawaida inakuwa kati ya 10 na 21, na kuna watu wako ndani ya hizo namba na mshipa bado unaharibika, ndo maana dokta anaangalia na mshipa wenyewe, haangalii namba tu.

Sasa dawa inakaushaje jicho wakati yenyewe ni maji? Hapa inabidi uelewe chozi kwanza. Chozi sio maji matupu. Kuna ute ulioshika kwenye kioo cha jicho, yani ule uso wa mbele unaopitisha mwanga, juu yake maji, na juu kabisa utando mwembamba wa mafuta yanayotoka kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Ute unafanya maji yashike, mafuta yanazuia maji yasikauke na hewa. Ukigusa kimojawapo tu chozi linapasuka kabla hujapepesa, na kioo cha jicho kinabaki wazi.

Ndani ya chupa nyingi za dawa ya macho kuna kihifadhi, na kinachotumika zaidi duniani kinaitwa benzalkoniamu kloraidi. Kwenye boksi tafuta neno linaloanza na BENZAL, au kifupi BAK. Kazi yake ni kuua bakteria, maana chupa ukishaifungua unaitumia mwezi mzima, ncha inagusa hewa, inagusa vidole, bila kihifadhi ungekuwa unatia uchafu jichoni. So sio sumu waliyoiweka makusudi. Ila tabia yake ni ya sabuni ya vyombo, inakata mafuta, na kama inavyokata mafuta ya sahani ndivyo inavyokata yale mafuta ya juu ya chozi. Haiishii hapo, inachosha na seli za kioo cha jicho na zile zinazotengeneza ute. Tone moja halina neno. Matone mawili kwa siku, miaka mitano, kumi, na mwingine ana chupa mbili au tatu zote zina BAK, hapo ndo jicho linachoka. Chukua dawa mbili za presha ya macho, latanoprosti na timololi. Latanoprosti ya kawaida nyingi zina asilimia 0.02 ya hicho kihifadhi, timololi nyingi nusu yake, 0.01, ila timololi wengi wanaitia mara mbili kwa siku, kwahiyo mwisho wa siku wanakutana hapohapo.

Na dawa zenyewe nazo zina yake. Timololi inapunguza chozi na inapunguza hisia za kioo cha jicho, so unapepesa kidogo kuliko unavyotakiwa. Latanoprosti na ndugu zake zinaleta wekundu, zinarefusha nywele za kope, na zinaweza kusumbua vile vitezi vya mafuta. Brimonidini inawaletea wengine aleji, na ubaya wake inaweza kuchelewa, mtu katumia miezi vizuri tu afu ghafla macho yanavimba yanawasha, anadhani kapata ugonjwa mpya. Dorzolamidi ina asidi kidogo kuliko chozi so inachoma pale unapoitia, na usishangae ukipata uchungu mdomoni, imeshuka kooni kupitia puani.

Kinachowashinda watu kuamini ni machozi. Bimkubwa mmoja wa Chumbageni alinijia juu kabisa, "We mwanangu, jicho linabubujika hivi leso imelowa, we unaniambia kavu?" Ndiyo bimkubwa. Kioo cha jicho kikikauka kinapiga kelele, tezi la machozi linasikia linamwaga maji mengi kwa mpigo, ila ni maji tu, mafuta yake kidogo, ute kidogo, yanatiririka shavuni na jicho linabaki vilevile. Ndo maana yanatoka zaidi ukipanda bodaboda au ukiangalia simu muda mrefu. Wanaopima wana njia zao, kuna kikaratasi chembamba wanakining'iniza ndani ya kope la chini dakika 5, chozi likishindwa kulowesha hata milimita 5 huo ni ukavu wa kweli, au wanatia rangi ya njano wanamulika na taa ya bluu wanahesabu sekunde chozi linakaa kabla ya kupasuka, chini ya 10 sio nzuri. Muombe dokta akupime hivyo ukienda kliniki, ni kipimo kifupi tu.

Mwingine anauliza, Tanga hewa yenyewe nzito ya bahari, nguo haikauki, jicho linakaukaje? Hewa ya bahari haikusaidii kama feni imekuelekea usoni usiku kucha. Hilo ni la kwanza kabisa kurekebisha na halina gharama, feni igeuze ipige miguuni au ukutani. Moshi wa kuni na mkaa nao, nimeona kina mama wanaopika vitumbua na mikate ya sinia alfajiri wamekaa upande ule moshi unakwenda, ukihamisha kigoda tu upande wa pili inaleta tofauti. Kwenye baiskeli na bodaboda vaa miwani, hata ya kawaida, kinachotakiwa ni kuzuia upepo na vumbi.

Sasa tuje kwenye kutia dawa yenyewe, na hapa ntakaa kidogo maana watu wengi nimewaona wanaitia vibaya na hawajawahi kuonyeshwa. Nawa mikono. Inua kichwa au lala chali, vuta kope la chini litengeneze kifuko, chupa isiguse jicho wala kope, tia tone MOJA kwenye kifuko. Moja. Tone ni kama mikrolita 30 hadi 50 na jicho kwa kawaida lina chozi la mikrolita 7 hivi, kwahiyo hata hilo moja linamwagika, ukitia matatu hujaongeza nguvu ya dawa, umeongeza kihifadhi na umemaliza chupa kabla ya mwezi. Ukishatia fumba macho taratibu, usipepese pepese, afu kwa kidole bonyeza ile kona ya ndani karibu na pua, dakika mbili hivi. Pale kuna kitundu kinachopeleka chozi puani, ukikiziba dawa inabaki jichoni na haiendi sana kwenye damu, na kwa timololi hili ni kubwa maana ikiingia kwenye damu inaweza kubana kifua na kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu asitumie timololi, amwambie dokta ampe nyingine, hili naliweka hapa japo sio mada. Mwisho futa kilichomwagika kwenye kope na shavu kwa kitambaa safi, kikikaa pale ngozi nayo inawasha na kuwa nyeusi.

Kama una chupa mbili acha dakika 5 katikati. Machozi ya bandia yawe ya mwisho, uyatie dakika 5 au 10 baada ya dawa, ukiyatia kabla yanaisafisha dawa au kuizuia. Hapo kwenye machozi ya bandia kuna mtego, nayo mengi yana BAK ileile. Mtu anakuja kutibu ukavu wa kihifadhi na kihifadhi zaidi. Ukiona unayahitaji zaidi ya mara 4 kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi, yanakuja kwenye vichupa vidogo vidogo vya plastiki unavunja kichwa unatumia unatupa, usikifunike kukiweka kwa ajili ya kesho maana hakina cha kuua bakteria. Nazijua bei zake, ni ngumu, nisikudanganye. Kama huwezi kila siku basi walau usiongeze BAK nyingine juu ya uliyonayo, muulize muuzaji akusomee boksi, mi nikiulizwa nasoma.

Kitambaa cha moto kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, chovya kitambaa safi, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 mpaka 10, kikipoa chovya tena, afu kanda ukingo wa kope polepole kuelekea kwenye nywele ili yale mafuta yaliyoganda yatoke. Kope tu, usikandamize jicho lenyewe. Mara moja kwa siku inatosha, na usitegemee maajabu siku ya kwanza, ni kazi ya wiki kadhaa. Mafuta ya samaki ya vidonge wengi wanauliza, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2018 uliwapa watu gramu 3 za omega-3 kila siku mwaka mzima na wengine mafuta ya mzeituni, na hawakuona tofauti kwenye ukavu, so hela yako bora ununue machozi ya bandia, samaki mle kwenye sahani.

Naomba hapa unisome vizuri. Ile "dawa ya macho mekundu" ambayo mzee alikuja kuitaka, mara nyingi wanamaanisha tone lenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, peke yake au imechanganywa na antibiotiki. Inafanya kazi haraka, jicho linakuwa jeupe kwa siku mbili, ndo maana inapendwa na jirani anamgawia jirani. Na inapandisha presha ya jicho. Kwa mwenye glakoma hilo ni kumwaga petroli pale, na hata asiye nayo akiitumia wiki kwa wiki inaweza kumletea. Dokta anaweza kuiandika kwa sababu maalumu na kwa muda mfupi huku anapima presha, hiyo sawa, ila kununua mwenyewe dirishani, hapana. Mi siuzi bila karatasi ya dokta na watu wananuna, wacha wanune. Zile za kufanya jicho liwe jeupe kwa kubana mishipa ya damu nazo hazitibu ukavu, ukiziacha wekundu unarudi mwingi zaidi. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani, naheshimu waliotulea nayo ila jicho lililochubuka halihitaji kitu kisichochemshwa kuua vijidudu.

Kama umefanya hayo na bado linasumbua, sasa ni zamu ya dawa kubadilishwa, na anayebadilisha ni dokta wa macho sio wewe wala mimi. Ila unaweza kwenda na maswali. Muulize kama kuna isiyo na kihifadhi, tafluprosti ipo ya hivyo, na latanoprosti na timololi zipo za hivyo pia japo kupatikana kwake ni kuulizia. Muulize kama chupa mbili zinaweza kuwa moja, maana kuna chupa yenye dorzolamidi na timololi pamoja, dozi ya kihifadhi inapungua na wewe unapumzika. Jicho likibadilishiwa dawa linaweza kuchukua wiki hadi miezi kutulia, usikate tamaa wiki ya kwanza.

Na muulize kuhusu leza. Hili watu wengi wa Tanga hawajawahi kulisikia na linaniuma. Kuna leza inayoitwa SLT, inapigwa kwenye ule mchujo ambao maji ya ndani ya jicho yanatokea, ni dakika chache, hukatwi, na presha inashuka. Hospitali ya KCMC pale Moshi walifanya utafiti wakalinganisha leza hiyo na timololi kwa wagonjwa wa hapahapa Tanzania, ikachapishwa 2021, baada ya mwaka mmoja macho 61 katika 100 ya waliopigwa leza yalifika kwenye lengo, ya timololi 31. Uingereza nako, utafiti uliotoka 2019 ulionyesha walioanza na leza, kama watu 74 katika 100 walikuwa hawahitaji tone lolote baada ya miaka mitatu. Haifai kila aina ya glakoma, nguvu yake inapungua na miaka, wengine inarudiwa, na bado unapimwa presha kama kawaida. Lakini kwa mtu ambaye jicho lake limekataa matone, ni mlango. Kuna sababu nyingine ya kutunza uso wa jicho mapema, ukija kuhitaji opresheni ya glakoma baadae, jicho lililovimba kwa miaka ya kihifadhi linapona kwa makovu mengi na opresheni inaweza isishike vizuri.

Mawili madogo. Latanoprosti ya kawaida kabla ya kufunguliwa inakaa kwenye friji, ukishafungua isizidi nyuzi 25 na itupwe baada ya wiki 6, na sote tunajua nyuzi 25 Tanga unaipata usiku wa Julai labda, kwahiyo iache kwenye mlango wa friji, sio kwenye frizi, na kama huna friji sema mapema famasi au kliniki wakushauri. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye chupa. Na Ramadhani, kila mwaka kuna mtu anaacha dawa mwezi mzima akiogopa swaumu. Kwenye madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu pwani tunafuata, tone la jicho halibatilishi swaumu, na bado ukitaka kuwa na amani ya moyo latanoprosti ni mara moja usiku, itie baada ya futari, timololi moja wakati wa daku moja baada ya futari. Muulize na sheikh wako, ila usiache.

Ukienda kliniki, iwe hospitali ya Bombo hapa Tanga au kwingine, weka chupa zako zote kwenye mfuko pamoja na za duka la dawa na ulizopewa na jirani, zimwage mezani mbele ya dokta. Sema "inanichoma na nimekuwa nairuka", hata kama unaona aibu, kwa sababu usiposema na presha ikakutwa juu atadhani dawa imeshindwa na atakuongezea nyingine, yenye BAK nyingine.

Na kuna hali sio ya kusubiri tarehe ya kliniki. Jicho kuuma sana ghafla pamoja na kichwa na kutapika, kuona duara za rangi kuzunguka taa, uono kushuka ghafla, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, usaha, au mwanga kukuumiza mpaka huwezi kufungua. Hiyo usije dirishani kwangu, ni hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku iwe sikukuu, na ule mfuko wa chupa uende nao.